Maoni: Mpiga picha wa vita anaimbwa, aliyepigwa picha je?

Mwaka 2005, katika mji wa Chichester kusini mwa Uingereza, watu walilipa tiketi zao, wakaketi, wakamsikiliza mpiga picha wa vita akiimba. Mwenyewe alikuwa amekufa miaka 28 iliyotangulia. Aliyeimba ni mwigizaji Anna Francolini, katika mchezo wa nyimbo uliotungwa na Jason Carr pamoja na mwandishi Edward Kemp. Mchezo uliitwa Six Pictures of Lee Miller, maana yake picha sita za Lee Miller.

Jina hilo likitiwa katika Kiswahili linaleta utata kidogo. Picha za Lee ni zile alizopiga, au ni zile alizopigwa? Kwa huyu mwanamke majibu yote mawili ni ya kweli. Na kwa mtu aliyeishi chini ya shitingi Mugunga, Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya, swali hilo si la mchezo. Yeye anajua yuko upande gani wa kamera. Amepigwa picha na wageni wengi kuliko chifu wa kijiji chake, na karibu picha zote hizo hajaziona.

Kwa hiyo mchezo wa Waingereza kuhusu mwanamke Mmarekani wa vita vya zamani unawahusu watu wa Goma kuliko inavyoonekana. Anayetaka kujua kwa nini, aanze na maisha ya Lee mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1907 Poughkeepsie, katika jimbo la New York. Akiwa na miaka 7 alibakwa na mtu aliyefahamiana na familia yake, akaambukizwa ugonjwa wa zinaa ambao wakati ule, kabla ya dawa za sasa, ulitibiwa kwa maumivu makali. Jambo hilo alilinyamazia maisha yake yote. Mtoto wake wa pekee, Antony Penrose, alilisikia kwa watu wengine baada ya mama yake kufa. Kinamama wa Kivu hawahitaji kuelezwa namna ya ukimya huo.

Alipokuwa msichana mkubwa, uzuri wake ulimfanya mwanamitindo wa gazeti la Vogue. Wapiga picha wakubwa wa New York walimtafuta. Mmoja wao, Edward Steichen, alimpiga picha akiwa katika gauni refu la sherehe, na mwishoni mwa miaka ya 1920 Lee akaiona picha hiyo katika magazeti ikitangaza pedi za Kotex, zile zile ambazo jina lake mpaka leo baadhi ya watu wa Kongo wanaliita pedi yoyote. Hakuwa ameulizwa. Siku hizo jambo la hedhi halikutajwa mbele za watu, na uso uliosimama badala ya wanawake wote ulikuwa wake. Wengine walilipwa kwa uso huo, ila yeye ndiye aliyechekwa.

Hapo ndipo mchezo wowote kuhusu Lee Miller unapata haki ya kuimbwa. Alikwenda kwenye kamera kutoka upande wa waliopigwa. Alijua inavyouma mtu kuchukuliwa sura yake bila neno. Baadaye alisema kwa matendo kwamba anapenda kupiga picha kuliko kuwa picha, akahamia Paris mwaka 1929, akajifunza kazi kwa Man Ray, akafungua studio yake. Mambo ya Paris, wachoraji na mapenzi ya pale, ndiyo ambayo watunzi wa michezo na sinema wanayapenda sana. Yana mavazi mazuri. Lakini hayo yapite.

Vita vya pili vya dunia vilimkuta London. Mwaka 1942 alipata kibali cha jeshi la Marekani kama mwandishi wa Vogue, gazeti la nguo na manukato. Wanawake hawakuruhusiwa kufika mstari wa mbele. Walitakiwa wabaki hospitalini na manesi, nyuma. Mwezi wa nane 1944 alitumwa Saint-Malo, mji wa bahari wa Ufaransa, kwa kuwa wakubwa walidhani mapigano yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Wajerumani walikuwa bado ndani ya ngome, na Lee akajikuta peke yake na kamera yake katikati ya mizinga. Alibaki. Alipiga picha za ndege zikiangusha mabomu ya moto ya namna mpya, na wakaguzi wa jeshi wakazichukua. Kisha wakubwa wakamweka kizuizini kwa muda kwa kosa la kuwa mahali ambapo mwanamke hakutakiwa kuwa.

Mwezi wa nne 1945 aliingia Buchenwald, kisha Dachau, kambi ambazo utawala wa Hitler uliwafungia na kuwaua watu. Aliwatumia wahariri wake ujumbe akiwasihi waamini kwamba hayo aliyoyaona ni kweli, na gazeti la Vogue la New York likazichapisha picha likiwaambia wasomaji wake neno hilo hilo: waamini. Jioni ya tarehe 30 mwezi wa nne, siku ile ile aliyotoka Dachau, yeye na mwenzake David Scherman waliingia katika nyumba ya Hitler mjini Munich. Lee akavua viatu, akaingia katika bafu la Hitler, Scherman akampiga picha. Mbele ya bafu, juu ya zulia jeupe la kukanyagia, kuna mabuti yake yenye tope la Dachau.

Hiyo ndiyo picha ambayo kila mtu anaijua. Mtunzi wa nyimbo hawezi kuiacha, na asilaumiwe. Lakini picha iliyo nzito kuliko hiyo ilipigwa baadaye mwaka huo huo, Vienna, katika hospitali ya watoto. Vita vilikuwa vimekwisha, dawa hazikuwepo. Lee alisimama kando ya kitanda akamtazama mtoto mchanga akipigana na kifo mpaka akashindwa. Alimpiga picha, akaandika alichokiona. Ni mwili mdogo sana, macho yamefunguka. Picha hiyo leo inaitwa picha ya Lee Miller. Mtoto ni mtoto tu.

Mchezo mzuri kuhusu mpiga picha wa vita ungekaa mahali hapo kwa muda mrefu. Haitoshi mhusika mkuu asimame chini ya taa, aimbe jinsi moyo wake ulivyovunjika alipoona mtoto wa mwingine akifa. Moyo wake ulivunjika kweli, hakuna anayebisha. Baada ya vita Lee alilewa kwa miaka, akawa mgumu kwa mtoto wake, akaacha kazi ya picha pole pole, akageukia upishi katika shamba lao huko Sussex. Alipoulizwa kuhusu picha za zamani, aliwaambia watu hakuna kitu. Machungu hayo yanastahili wimbo. Lakini katika chumba kile cha Vienna kulikuwa na mtu aliyekuwa na machungu zaidi, na katika tamthilia nyingi za aina hii mtu huyo hapewi hata mstari mmoja. Analala tu kitandani kama kifaa cha jukwaani.

Lee alikufa mwaka 1977. Mke wa mtoto wake alipanda darini katika nyumba ile ya shamba, akakuta maboksi. Ndani yake kulikuwa na negativu na picha zipatazo elfu 60, pamoja na karatasi alizoandika vitani. Antony Penrose, aliyekua akimwona mama yake kama mlevi mkorofi tu, alianza kusoma na hakuweza kuacha. Alimfahamu mama yake akiwa amekwisha kufa, kwa njia ya maboksi.

Ni habari nzuri, na inafanya watu walie ukumbini. Wengi wa wahami wa Kivu ya Kaskazini wakiisikia watauliza jambo moja tu: dari liko wapi?

Familia iliyokimbia Rutshuru, Masisi au Nyiragongo ilitoka na bidoni ya maji, sufuria, godoro kama kulikuwa na nafasi kwenye pikipiki, na watoto. Picha ya ndoa ilibaki ukutani. Picha ya ubatizo ilibaki katika Biblia, na Biblia ikabaki mezani. Nyumba nyingine zilichomwa, nyingine ziliporwa, nyingine zinakaliwa na watu wengine leo. Simu iliyokuwa na picha za watoto iliuzwa ili kununua unga, au ilinyang'anywa njiani. Kuna kinamama hapa ambao hawana picha hata moja ya mtoto aliyekufa, na wanaogopa siku watakaposahau sura yake.

Lakini mtoto huyo alipigwa picha. Tangu mwisho wa mwaka 2022, Kanyaruchinya ilipojaa watu, kamera hazikukosekana. Waandishi wa habari walikuja, mashirika ya misaada yalikuja, wageni wa heshima walikuja na wapiga picha wao. Tarehe 3 mwezi wa tano 2024, makombora yalipoanguka katika kambi za upande wa Mugunga na kuua watu wengi, wakiwemo watoto, picha za mazishi zilizunguka dunia. Mwezi wa kwanza 2025 M23 ikauchukua mji wa Goma, na mwezi uliofuata kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Wengine walirudi kwenye mashamba yaliyoota majani, wengine wako kwa ndugu, wengine makanisani na katika shule. Mahali palipokuwa na hema leo ni mawe meusi ya volkeno. Picha ziko salama Paris, London na New York, zimepangwa kwa tarehe, na anayezitaka anazilipia.

Basi madai ni haya, na si makubwa: picha irudi kwa mwenye sura.

Mtu atasema haiwezekani, watu ni wengi, hawana anwani. Anwani hawana, namba za simu wanazo, au jirani anazo. Mpiga picha aliyeweza kutuma picha Ulaya saa ile ile kwa intaneti ya Goma hashindwi kumtumia mama picha moja kwa WhatsApp. Kinachokosekana ni daftari. Jina la mtu kama linavyoandikwa na mwenyewe, kijiji alikotoka, siku, namba ya simu. Wapiga picha wengi wazaliwa wa hapa wanafanya hivyo tayari, kwa sababu watakutana na mama huyo sokoni Virunga wiki inayofuata na watatakiwa kumtazama usoni. Anayepanda ndege kesho yake hana hofu hiyo.

Kuna upande wa pili, na ni wa hatari. Si kila picha inafaa kuzunguka, hata ikiwa nzuri. Mwanamke aliyebakwa akionekana uso, picha itafika kijijini kwake kabla yake. Kijana aliyepigwa picha kambini anaweza kuonyeshwa picha hiyo kwenye kizuizi cha barabarani na kuulizwa alikuwa upande wa nani. Hivyo kuuliza kwanza si adabu peke yake, ni ulinzi. Na kuuliza kuna namna yake. Mtu anainama, anasalimu: «Mama, jambo sana. Mimi naitwa fulani, natoka gazeti fulani. Ningependa kukupiga picha, itaonekana na watu wengi, hata wa hapa. Unakubali? Ukikataa hakuna ubaya.» Halafu anasubiri. Mama aliyesimama kwenye mstari wa kupokea unga huku mpiga picha akiwa amekuja na gari la wale wanaotoa unga, huyo hawezi kusema hapana kwa uhuru. Anayeuliza hapo ajue kwamba hajauliza. Arudi jioni, bila gari.

Hoja ya misaada inajulikana. Bila picha dunia ingesahau, na bila dunia unga usingefika. Kuna ukweli ndani yake; Lee mwenyewe alipiga picha Dachau ili mtu yeyote asiweze kusema ni uongo. Lakini hoja hiyo imetumika pia kumvua mtoto shati zima na kumtafutia lililochanika. Watu wa kambini wameyaona hayo, na wanacheka wakiyasimulia, kicheko kile kisicho cha furaha.

Sasa nyimbo zinaingia wapi? Picha ina kasoro moja ambayo hata Lee hakuweza kuitibu: haina sauti. Haisikiki mvua juu ya shitingi, wala kikohozi cha hema la jirani, wala mama anayemwita mtoto ambaye hayumo katika fremu. Jukwaa lenye muziki linaweza kurudisha hayo yote. Linaweza kumgeuza mtu wa katika picha, akaacha kutazama kamera, akaanza kusema alikuwa nani jana yake.

Hili limejaribiwa kwa habari za Kongo, na nje ya Kongo. Lynn Nottage, mwandishi Mmarekani, alikwenda Uganda akakaa na kinamama Wakongomani waliokimbia vita, akawasikiliza, ndipo akaandika Ruined, iliyoonyeshwa Chicago mwaka 2008 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 2009. Ni tamthilia ya baa ya mwanamke aitwaye Mama Nadi, katika mji mdogo wa machimbo, na wasichana wa pale wanaimba. Mpiga picha si kiongozi wa kisa. Mwaka 2024 jumba la opera la Geneva lilionyesha Justice, kuhusu ajali ya mwaka 2019 huko Lualaba, lori la asidi lilipogongana na basi na kuua watu. Maneno yake yaliandikwa na Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, muziki ukatungwa na Hèctor Parra. Waliounguzwa na waliofiwa ndio walioimbwa. Inaumiza kidogo kwamba ili kuisikia ilibidi mtu awe na tiketi ya Geneva, lakini njia waliyoshika ni sahihi.

Goma haikosi watu wa kufanya kazi kama hiyo. Mji uliozaa Festival Amani, uliojaza uwanja wa Collège Mwanga kwa muziki wakati wengi walidhani hapa kuna bunduki tu, una wapiga gita na wachezaji wa jukwaani wa kutosha. Na una wanawake wa kamera. Pamela Tulizo, mzaliwa wa Goma, alichoka kuona wanawake wa Kivu wakionyeshwa kama majeruhi tu, akawapiga picha wakiwa wamependeza, wakitazamana na sura zao wenyewe. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana mwaka 2020. Arlette Bashizi amepiga picha za maisha ya mashariki ya Kongo kwa vyombo vikubwa vya kimataifa, Reuters kikiwemo. Kuna wengine ambao majina yao hayajafika mbali, waliopiga picha za wahami huku ndugu zao wenyewe wakiwa wahami. Lee Miller alirudi Sussex. Wao jioni wanarudi katika nyumba ile ile yenye wageni kumi na watano sebuleni. Kama mtu anataka kutunga mchezo wa nyimbo kuhusu mwanamke mpiga picha wa vita, hana haja ya kwenda London.

Atakapoutunga, apange hivi: kabla ya mpiga picha kuingia, waingie watu wa katika picha, na kila mmoja aseme jina lake na kijiji chake. Mpiga picha aje baadaye, awakute wakiongea. Kama kuna wimbo wa bafu la Hitler katika mchezo wa Waingereza, hapa uwepo wimbo wa daftari, mtu akiandika majina na kukosea, akisahihishwa na bibi mmoja mpaka jina likae sawa. Mandhari ya gharama haihitajiki. Shitingi moja, bidoni, gita, ngoma mbili. Siku ya onyesho, wapiga picha wote waliofanya kazi kambini waombwe waje na picha zao zilizochapishwa, wazitandaze mezani mlangoni, na familia zipite kwanza kutafuta za kwao na kuzichukua, bila malipo. Onyesho lisiwe asubuhi, kwa sababu kinamama wanakuwa shambani au wanabeba mizigo sokoni. Saa tisa mchana ni nzuri, ili wanaoishi mbali wafike nyumbani kabla ya giza.